Nilivyoikaanga Mara ya Pili Kahawa ya Mkwe

Nianze kwa kukiri, maana wengi wenu mmeshayasikia haya sokoni Msambweni, yakiwa yametiwa chumvi mpaka yamekuwa samaki ng'onda. Yule mtu aliyeunguza kahawa ya wageni siku ya posa ya binti yake, akaitia pilipili, kisha akawafukuza wageni wenyewe, ni mimi. Si jirani yangu, wala si mtu wa Gazi kama wengine wanavyosema kwa kunisitiri (Mungu awalipe), ni mimi Bakari, mzee wa miaka sabini na mbili, niliyesoma mpaka kidato cha nne na kutunza stoo ya hoteli moja ya Diani kwa miaka mingi bila kupoteza hata kijiko, mpaka siku hiyo nilipopoteza akili.

Kwanza mjue kwamba kahawa ndiyo iliyonipa jina. Tangu nistaafu, kila maulidi, kila khitima, kila arusi kuanzia kwetu mpaka Kinondo, mtu wa kahawa ni mimi, na silipwi, nafanya kwa thawabu na (sasa naweza kusema) kwa sifa. Nina dele langu la shaba linalong'aa kama jino la dhahabu, nina finjani zangu dazeni mbili, na nina desturi yangu niliyoirithi kwa marehemu baba kwamba mwenye kupika kahawa hunywa mwisho, baada ya wageni wote kuridhika. Shikeni hiyo desturi, maana ndiyo iliyonimaliza. Buni naikaanga mimi mwenyewe mpaka iwe nyeusi ti na ianze kutoa jasho la mafuta, naitwanga kwa tangawizi na iliki, naichemsha mpaka ukiinywa sikio linazibuka. Watu huinywa wakasema, "Bakari, hii ndiyo kahawa." Mtu ukiambiwa hivyo miaka kumi, unaanza kudhani hakuna nyingine.

Sasa binti yangu Zuhura, kitinda mimba wangu, mwalimu wa chekechea Ukunda, alipata mchumba. Kijana anaitwa Rajabu, Mwislamu wa upande wa Bungoma, kwao wana shamba la kahawa huko kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na kazi yake ni kukaanga na kupika kahawa katika mkahawa mmoja wa Diani ambako watu hukaa nusu saa mbele ya kikombe kimoja wakikitazama kama kina mtihani. Kijana ana adabu, shikamoo haimkauki mdomoni, sala hazimpiti. Sikuwa na neno naye. Neno langu lilikuwa na vyombo alivyomletea binti yangu.

Alimletea mizani ndogo kama ya sonara, birika lenye mdomo mwembamba mrefu kama shingo ya korongo, kinu cha kuzungusha kwa mkono, na karatasi nyeupe za kuchujia. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Zuhura alikuwa anapima buni, anazihesabia karibu mbegu kwa mbegu, anasaga, anamwaga maji ya moto kidogo, anangoja huku anatazama saa, anamwaga tena kwa kuzungusha, mpaka mimi nikawa namwuliza, "Mwanangu, unapika kahawa ama unaosha maiti?" Na ikishatoka, kitu chenyewe ni chekundu, chepesi, unaona mpaka chini ya kikombe. Nikaonja siku moja. Chachu!

"Baba, hiyo ndiyo ladha yake," Zuhura aliniambia. "Usiimeze kwa haraka. Kuna kitu kama ukwaju, kisha nyuma yake utamu unakuja."

"Mimi nikitaka ukwaju," nikamjibu, "nitamwambia mama yako anitengenezee ukwaju."

Tukacheka, yakaisha. Nilidhani yameisha.

Posa ikapangwa Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri. Wazee wa Rajabu wangesafiri kutoka Bungoma, walale Ukunda, waje kwetu, na Jumapili asubuhi wapande basi warudi, kwa sababu ilikuwa msimu wa kuchuma na shamba halingoji mtu. Siku tatu kabla yake Rajabu akaja nyumbani na kopo la bati lililofungwa vizuri, akampa Zuhura mbele yangu. Ndani mlikuwa na buni za miti ya baba yake, zile bora kabisa za msimu ule, amezikaanga yeye mwenyewe. Akaniambia kwa heshima, "Baba, mzee wangu hajawahi kuona kahawa yake ikipikwa na mkwe wake. Ana hamu hiyo tu. Zuhura ndiye atampikia." Nikasema inshallah, hakuna shida. Kopo likawekwa kwenye rafu ya jikoni.

Jumamosi asubuhi Zuhura akaenda kwa msusi. Mke wangu Biasha alikuwa uani na pilau lake na shemeji zake, kila mtu ana kazi isipokuwa mimi, na mzee asiye na kazi siku ya shughuli ni hatari kuliko moto usio na mwenyewe. Nikaingia jikoni kutafuta tende. Nikaliona kopo. Nikalifungua.

Wallahi nilishtuka. Zile buni zilikuwa na rangi ya mdalasini! Hazikuwa nyeusi, hazikuwa na mafuta, kavu, ngumu. Nikajiambia, maskini kijana, moto ulimzimikia, au aliziepua kwa woga, na baba yake anakuja leo kutoka mbali, atamwona mwanawe hajui hata kukaanga kahawa, na mbele ya wakwe! Nikamhurumia. (Huruma yenyewe ilikuwa ya kweli, sisemi uongo. Lakini chini ya ile huruma kulikuwa na mtu mwingine amejificha, anaitwa Majivuno, na huyo alikuwa ameshalichukua kopo mkononi.)

Basi uamuzi wangu ulikuwa mdogo tu, nizimalizie moto kidogo.

Nikatoka nyuma ya nyumba, nikawasha makaa, nikaweka kaango, nikamimina kopo zima. Dakika chache moshi ukapanda kama tunachoma tanuri la chokaa. Biasha akapaza sauti kutoka kwenye pilau lake, "Baba Zuhura! Unaunguza nini huko?"

"Natengeneza heshima ya nyumba!" nikamjibu.

"Heshima gani hiyo inanuka kama godoro?"

Nikamjibu kwa kukohoa. Nikakaanga mpaka zikawa nyeusi ninavyozijua mimi, nikafurahi. Nikatafuta kinu changu cha kahawa, nikakumbuka kwamba kimepasuka tangu arusi ya Galu. Nikakatiza ua kwa jirani yetu, Mama Saumu. Alikuwa ndani anafua. Nikabisha hodi, nikamwambia shida yangu, akaniambia, "Kipo hapo barazani, Mzee Bakari, kichukue, lakini..." Nami nilikuwa nimeshakipakata naondoka. Neno lililofuata baada ya "lakini" lilikuwa kwamba jana yake alitwanga pilipili kavu za kutia kwenye achari ya maembe. Nililisikia siku hiyo hiyo, kahawa ikiwa imeshanywewa.

Nikakipangusa kinu kwa ncha ya shuka, nikatwanga. Kama mnauliza pua yangu ilikuwa wapi, pua yangu ilikuwa imejaa moshi. Na macho yalipowasha nikasema ni tangawizi, tangawizi ya mwaka huu ni kali.

Wageni wakafika saa nane kasorobo. Rajabu hakuja, kama ilivyo desturi, alibaki Ukunda. Walikuja baba yake, Mzee Wekesa, mtu mrefu mkimya mwenye koti zito katika joto letu lile, na ndugu yake mdogo, na dada yao mkubwa, shangazi yake Rajabu, ambaye aliingizwa ndani kwa wanawake. Upande wetu msemaji alikuwa shemeji yangu Hamisi, ndugu yake Biasha, kwa kuwa kwetu mtoto hatolewi mjomba asiponena. Hamisi alivaa kanzu nyeupe mpya, imepigwa pasi mpaka ukiigusa inakukata. Huyu Hamisi ni mtani wangu wa miaka arobaini, haachi kunichokoza hata msibani.

Maneno yakaenda vizuri sana. Wageni walisema wameliona ua wakalipenda, Hamisi akauliza wana maji ya kulimwagilia, tukacheka, mambo yakawa kama siagi. Kilichobaki kilikuwa kahawa, na baada ya kahawa Hamisi atamke kwamba tumekubali. Ndani, Zuhura alikuwa amevaa, amekaa na mizani yake tayari, anangoja kuitwa apike. Hakujua lolote. Nami nilitaka iwe ni jambo la kumshangaza kila mtu, basi badala ya kumwita binti yangu, nikasimama mwenyewe, nikaenda nyuma, nikarudi na dele mkono mmoja na finjani mkono mwingine, nikizigonganisha kwa mlio kama nifanyavyo kwenye maulidi.

"Ah," Hamisi akasema, "shemeji kaja na kengele. Wageni, jikazeni."

Nikamimina. Mzee Wekesa akapokea, akainusa, akasita. Akaniuliza kwa upole, "Mzee Bakari, kahawa hii ni ya wapi?"

Nikasubiri kidogo ili wote wasikie. "Ni yako mwenyewe, mkwe! Ya shamba lako. Nimeitengeneza kidogo tu."

Yule mzee akanitazama. Akatazama finjani. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeambiwa kwamba huyu kikongwe aliyelala hapa ni mwanao. Kisha akainua finjani mdomoni, akavuta. Yaani alivuta kwa mlio, fyuuup! kama mtu anayenyonya maji ya mwisho ya dafu, sauti ikafika mpaka kwa wanawake ndani.

Hapo nikaudhika. Kwetu kahawa hunywewa kwa utaratibu, kidogo kidogo, mtu hasikiki. Nikajisemea, loo, huyu anatufanyia nini huyu? Sikumaliza kujisemea. Kahawa iliyovutwa kwa nguvu namna ile haikupita njia ya chakula, ilipita njia ya pumzi, pamoja na kila alichokuwa ametwanga Mama Saumu. Mzee Wekesa akatoa macho, akashika koo, akakohoa kikohozi kimoja ambacho sijakisikia tena maishani, na kahawa yote ikamtoka kwa kishindo ikatua kwenye kanzu mpya ya Hamisi, kuanzia shingoni mpaka tumboni.

Dele liko mkononi mwangu. Mzee anahangaika na pumzi, ndugu yake anampiga mgongoni, na mimi, badala ya kumletea maji (hili ndilo ninalojutia kuliko yote, mwanadamu anakosa pumzi nyumbani kwangu), mimi nilichoona ni kahawa yangu imetemwa mbele ya watu. Damu ikanipanda. Nikasema, na maneno ninayakumbuka yote kwa sababu Hamisi hunikumbusha kila wiki, nikasema, "Aliyetema kahawa ya nyumba hii ametema na binti wa nyumba hii. Hapa hakuna posa tena."

"Bakari!" Hamisi akaniita.

"Hakuna!" nikasema.

Mzee Wekesa hakubisha. Akajipangusa machozi kwa leso, akainuka, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Tumesikia." Akamwita dada yake kutoka ndani. Wakavaa viatu, wakaenda zao, na pilau halijapakuliwa.

Nikabaki nimesimama kama nguzo ya simu. Hamisi, kifuani ana ramani ya kahawa yenye visiwa na kila kitu, akachukua finjani yake ambayo hakuwa ameigusa, akanywa funda moja. Akafumba macho. Akayafumbua, mekundu.

"Shemeji," akasema pole pole, "hebu onja."

"Mimi hunywa mwisho."

"Wa mwisho ndiye wewe. Wageni wameshaondoka."

Nikaonja. Sina haja ya kueleza. Ulimi uliwaka, masikio yakawaka, na ndani ya ule moto hakukuwa na kahawa ya mtu yeyote, si ya Elgon, si yangu, kulikuwa na mkaa na pilipili tu. Nikakaa chini.

Zuhura akatoka. Nywele zimesukwa, hina mkononi, na katika mkono ule wa hina ameshika kopo. Akaligeuza juu chini. Hakikutoka kitu.

"Baba, umezikaanga tena?"

"Zilikuwa hazijaiva, mwanangu."

"Zilikuwa zimeiva." Hakupaza sauti, na heri angepaza. "Yule mzee amekaa ndani ya basi siku nzima kwa ajili ya kitu kimoja, kuona mimi nikimpikia kahawa yake. Hiyo ndiyo ilikuwa posa yangu mimi. Ile ya maneno ilikuwa yenu. Sasa umenivunjia yangu, halafu ukavunja na yenu. Na wanaondoka kesho asubuhi."

Nikafungua kinywa nijitetee, lakini sikuwahi. Biasha, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wa pilau, akasema, "Baba Zuhura, vaa viatu. Na usirudi hapa na salamu peke yake."

"Nifuatane na Hamisi..."

"Mimi siendi," Hamisi akasema. "Mimi ni mjomba, nilikuja kumtoa mtoto. Kesi ya moshi ni yako. Tena nitakwendaje na kanzu hii, nikaonekane kama kahawa imenipiga risasi?"

Basi nikapanda boda mpaka Ukunda na kanzu yangu nimeikunja magotini, mdomo bado unawaka, njia nzima natunga hotuba. Nitaanza na hadithi ya kinu, kisha nitaje moshi, kisha nitaje umri. Nilipofika kwenye ile nyumba ya wageni nikawakuta wote wameketi uani, mikoba yao imeshafungwa imepangwa ukutani, na Rajabu amekaa upande, ameinama, hanitazami. Hotuba yote ikaniruka. Nikasema tu, "Assalamu alaykum. Nimekuja kuomba radhi. Nimeiharibu kahawa yako kwa ujinga, kisha nikakutukana kwa kiburi. Kinu kilikuwa na pilipili, sikujua. Lakini maneno niliyajua."

Mzee Wekesa akaitikia salamu, akaniashiria nikae. Kisha akasema, "Mzee Bakari, pilipili si kosa. Mimi nimekohoa, nimepona. Lakini wewe ulisema mimi nimemtema msichana. Mimi nilikuwa namtemaje, na nilikuwa nimemjia?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Na ile kuvuta," akaendelea, "najua ilikuudhi, nilikuona. Kwetu mimi ndiye huonja kahawa ya wakulima wenzangu kabla haijauzwa. Tunavuta hivyo kwa nguvu ili ienee mdomo mzima. Siku zote mbele za watu huwa sivuti, nakunywa kama watu. Lakini uliniambia ni ya shamba langu. Nikaitafuta. Nikavuta nipate kuiona. Sikuiona, mzee. Niliona moto tu."

Wallahi hapo ndipo niliposikia uchungu kuliko ule wa pilipili. Huyu mtu alikuwa anamtafuta mtoto wake mwenyewe ndani ya finjani yangu.

Rajabu akainuka, akaingia chumbani, akatoka na karatasi iliyokunjwa na kinu chake cha mkono. Alikuwa ameweka gao moja la buni zile kwa ajili yake mwenyewe. Akaomba maji ya moto jikoni, akasaga, akaweka unga kwenye vikombe vitatu bila kuchuja, akamwaga maji, tukangoja. Baba yake akanipa kijiko. "Onja kama mimi," akaniambia. "Vuta."

Mimi, mzee wa watu, niliyemwudhikia mwenzangu kwa mlio, nikavuta bila mlio. Hakikupatikana kitu. Nikavuta tena, ikanitiririka kidevuni. Yule shangazi, ambaye tangu niingie alikuwa ananitazama kama mwizi wa kuku, akashindwa kujizuia. "Wee mzee, usikibusu kijiko! Kivute! Jifanye ni uji unakuunguza!"

Nikavuta, fyuuup! Watu waliokuwa mapokezi wakageuka.

"Unasikia nini?" Mzee Wekesa akauliza.

Nikataka kusema tamu, mashallah, haijapata kutokea. Lakini nilikuwa nimeshadanganya vya kutosha siku ile kwa kujua kila kitu. Nikasema, "Nasikia uchachu kama wa ukwaju. Na nyuma yake kuna kitu... kama sukari guru."

Akapiga paja lake. "Sukari guru! Hiyo ndiyo! Umeiona!" Kisha akanisogelea. "Umeipenda?"

"Hapana," nikasema. "Naomba radhi. Bado siipendi."

Wakanitazama wote, Rajabu akainua kichwa, nikajua nimeshamaliza, nimeichoma na ya pili. Mzee Wekesa akaanza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka. "Mama yangu mzazi," akasema, "aliichuma kahawa miaka hamsini, hakuipenda mpaka anaingia kaburini. Alikunywa chai. Sasa najua wewe husemi tu kunipendeza. Kesho kabla ya basi tutapita kwako. Lakini nani atapika?"

"Si mimi," nikasema.

"Andika hiyo," shangazi akamwambia ndugu yake.

Wakaja Jumapili alfajiri ikiwa ndiyo kwanza imekucha. Mimi niliwekwa kiti mbali na jiko, Biasha akiniangalia kama anavyomwangalia paka siku ya samaki. Buni chache zilizobaki kwa Rajabu zilitosha vikombe viwili tu. Zuhura akatoka na mizani yake, akapima, akamwaga maji kwa kuzungusha, akampa Mzee Wekesa kwa mikono miwili. Mzee akaomba ruhusa kwanza. Kisha akavuta, fyuuup, kwa raha zake, akamwambia, "Mwanangu, hii ndiyo yenyewe." Hamisi, ambaye alikuja na kanzu kuukuu na leso kubwa amejitandaza kifuani kama mtu anayenyolewa, akatamka kwamba tumekubali.

Nikamfuata Zuhura jikoni, nikamwomba radhi peke yetu. Akaniambia, "Nimekusamehe, Baba," na akatabasamu. Ningemjua binti yangu vizuri ningelishuku lile tabasamu.

Arusi ikawa baada ya miezi miwili. Sasa mnajua utaratibu: kabla ya kufungwa nikahi, mimi kama walii wake lazima niende na mashahidi wawili nikamwulize bibi arusi ameridhika na anataka mahari gani, kisha nikayataje msikitini kwa kinywa changu mwenyewe mbele ya jamaa wote. Nikaenda na Hamisi na mzee mmoja wa msikiti. Nikamwuliza. Akajibu yuko radhi, na mahari yake akayataja. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwambia, "Mwanangu, punguza kidogo hapo mwisho." Akasema, "Baba, mahari ni haki yangu." Hamisi alikuwa ameshaegemea ukuta, hana nguvu kwa kicheko.

Msikiti umejaa mpaka nje. Rajabu ameketi na kanzu yake, Mzee Wekesa ameketi na koti lake. Imamu akauliza mahari. Nikatamka haraka haraka kwa sauti ndogo.

"Hatukusikia, Mzee Bakari," imamu akasema.

"Kidani kimoja cha dhahabu," nikasema, "na gunia moja la buni za shamba la Mzee Wekesa kila msimu, zikiwa zimekaangwa na mume wake..."

"Na?"

"Na baba yake bibi arusi asizisogelee kwa moto wala kwa kinu."

Nimewahi kusikia watu wakicheka arusini, lakini ndani ya msikiti, watu wazima wameziba midomo kwa vilemba, sijapata kuona. Imamu mwenyewe alikuwa anatazama dari muda mrefu. Kisha akajikaza, akaweka kalamu chini, akasema kwamba kidani na gunia ni juu ya bwana arusi, naye atajibu kwa zamu yake, lakini hilo la moto na kinu haliwezi kuwa juu yake, ni juu yangu, na kabla hajaendelea anataka kusikia, mbele ya mashahidi hawa, kama nalikubali.

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hakuna aliyenitetea, hata mmoja.

"Nimelikubali," nikasema.

Basi siku ile, jamaa zangu, kabla Rajabu hajafungua kinywa, aliyefungwa wa kwanza nilikuwa mimi.